Mlimwita Tikolo akiwa na miaka 42: barua ya wazi kwa wanaosimamia kriketi ya Kenya

Kwa viongozi wa Cricket Kenya, kwa Waziri wa Michezo, na kwa kamati za klabu zinazoshika funguo za viwanja vya kriketi nchini.

Waheshimiwa,

Novemba 2013 timu ya taifa ya kriketi ilisafiri hadi Falme za Kiarabu kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia la T20, yaani mechi fupi za ova 20 kwa kila timu (ova moja ni mipira sita). Kikosini alikuwamo Steve Tikolo. Alikuwa ameshastaafu mwaka 2011, baada ya kucheza Kombe lake la tano la Dunia. Miaka miwili na ushei baadaye akaitwa tena, akiwa na umri wa miaka 42, aje kuibeba timu yenye vijana ambao walikuwa hawajaanza hata shule alipoichezea Kenya kwa mara ya kwanza. Akaitika. Sisi mashabiki tulifurahi kwa kuwa tunampenda, lakini ile haikuwa habari ya kufurahia hata kidogo. Nchi iliyocheza nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003 ilikuwa imekaa miaka kumi bila kuandaa wa kushika nafasi ya nahodha wake wa mwaka ule.

Januari iliyofuata, kule New Zealand, tukapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja, yaani ODI. Hatujaipata tena.

Nawaandikia kuhusu safari ya mchezaji huyu kwa sababu ukiifuata mwaka baada ya mwaka unaona wazi tulipoteleza, na unaona kwamba vipaji vilikuwapo wakati wote. Wengi wenu mnaoongoza leo hamkuwapo ofisini wakati huo. Sitawabebesha makosa yote ya waliowatangulia. Ila mmerithi ofisi, na madeni ya ofisi hurithiwa nayo.

Tikolo alizaliwa 1971. Kaka zake Tom na David nao waliichezea Kenya, kwa hiyo mchezo ulikuwa nyumbani tangu utotoni. Kizazi chake, cha akina Maurice Odumbe, Kennedy Otieno na Thomas Odoyo, kilikulia katika klabu za Nairobi ambazo nyingi zilianzishwa na jamii za Wakenya wenye asili ya Asia: Swamibapu alikochezea Tikolo, Aga Khan, Gymkhana na nyinginezo. Ligi ya Nairobi ya enzi hizo ilikuwa na ushindani wa kweli. Wikendi kwa wikendi kijana alirushiwa mpira na wanaume waliojua kazi yao, na asipojua kusimama vizuri na gongo, alitolewa akakaa pembeni kutazama wenzake. Wizara haikuwa imeandika mpango wowote wa kumtengeneza Tikolo. Alitengenezwa na klabu, na ligi, na lango lililokuwa wazi.

Februari 1996 ulimwengu ukamwona. Mechi ya kwanza kabisa ya ODI kwa Kenya ilikuwa dhidi ya India mjini Cuttack, na Tikolo akapata mikimbio 65. Siku kumi na moja baadaye, mjini Pune, tukawafunga West Indies. Kila Mkenya anayeujua mchezo huu anaikumbuka siku hiyo, lakini wengi husahau ilivyoanza. Tulitolewa wote kwa mikimbio 166 tu. Aliyefanya vyema zaidi upande wetu ni Tikolo, mikimbio 29, katika uwanja ambao wenzake walikuwa wakiingia na kutoka. Kisha Rajab Ali akamrushia mpira Brian Lara, nyota wa West Indies, ukagusa ukingo wa gongo, na mlinda wiketi wetu Tariq Iqbal, ambaye siku ile mipira ilikuwa ikimponyoka, akaudaka huu. Lara akaondoka na mikimbio minane. Odumbe, aliyekuwa nahodha, akachukua wiketi 3, yaani akawatoa wapigaji watatu, kwa mikimbio 15. West Indies, mabingwa wa dunia mara mbili, wakaishia 93.

Wiki moja baadaye, mjini Kandy, Sri Lanka walitupiga mikimbio 398, jumla ambayo hakuna timu iliyokuwa imewahi kuifikia katika mechi ya siku moja. Timu changa ikishapigwa hivyo huwa imekwisha kabla ya kuingia kupiga. Tikolo aliingia akawapiga warushaji wale wale waliokwenda kutwaa Kombe siku chache baadaye, akafika 96. Tulifungwa, bila shaka. Lakini mtu akiniuliza Tikolo alikuwa mchezaji wa namna gani, namwonyesha Kandy kabla ya ushindi wowote.

Sasa naomba mtulie nami kidogo hapa, maana hapa ndipo palipo na uchungu.

Aprili 1997, Kuala Lumpur, fainali ya ICC Trophy, mashindano ya nchi ambazo hazikuwa na hadhi ya ngazi ya juu. Kenya na Bangladesh. Tikolo akapiga 147, Kenya ikafika 241. Mvua ikanyesha, mechi ikavuka hadi siku ya pili, idadi ya mikimbio waliyotakiwa Bangladesh ikapunguzwa, na wakashinda kwa mpira wa mwisho kabisa. Timu mbili zilitenganishwa na mpira mmoja. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2000, Bangladesh wakapewa hadhi ya kucheza Test, ngazi ya juu kabisa ya mchezo huu. Sisi tuliomba, hatukupewa. Na bado mwaka 2003, kwenye Kombe la Dunia, mjini Johannesburg, tuliwafunga hao hao Bangladesh.

Najua kwamba Bangladesh ina mamilioni ya mashabiki na soko kubwa la televisheni. Najua pia kwamba baraza la kriketi la dunia, ICC, halikututendea haki, na nitalirudia hilo. Lakini tulipoomba hadhi ya Test, tulikuwa na nini cha kuonyesha zaidi ya wachezaji kumi na watano? Tulikuwa na ligi ya mechi za siku nne? Tulikuwa na mikoa inayoshindana? Kriketi yetu ilikuwa Nairobi, na Mombasa kidogo. Tikolo na wenzake walikuwa wameifikisha nchi mlangoni, na nyuma yao hapakuwa na kitu.

Hata mwaka 2003, ambao tunausimulia kama ngano, ulikuwa na ufa ndani yake. Kabla ya mashindano wachezaji walikuwa wakivutana na chama juu ya mikataba. Wakaenda hivyo hivyo. New Zealand wakakataa kuja Nairobi kwa sababu za usalama, tukapewa pointi. Wapo wanaotumia jambo hilo kusema nusu fainali ile ilikuwa bahati. Hao hawakuwapo Gymkhana tarehe 24 Februari, Collins Obuya aliporusha mipira yake ya kuzunguka na kuwatoa Sri Lanka watano kwa mikimbio 24. Wala hawakumwona Aasif Karim wa Mombasa, mwenye umri wa miaka 39, aliyekuwa amestaafu akarudi, akiwarushia Australia mjini Durban: ova nane na mipira miwili, ova sita kati ya hizo bila mkimbio hata mmoja, mikimbio saba kwa jumla, wiketi tatu, mmoja wao nahodha wao Ricky Ponting. Australia ile ilikuwa haifungiki na mtu. Kwa muda huo mzee mmoja wa Pwani aliifanya iucheze kila mpira kwa hofu.

Kwenye nusu fainali India walitushinda kwa mikimbio 91. Nahodha Tikolo alipata 56.

Nchi nyingine ingeshika moto huo na kuukokea kuni. Sisi tulifanya nini? Katika miaka ya 2004 na 2005 yote, mechi za ODI za Kenya zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Agosti 2004 Odumbe akafungiwa miaka mitano kwa uhusiano wake na watu wa kamari. Wachezaji wakagoma kwa ajili ya malipo. Chama cha zamani kikavunjika, na 2005 ikazaliwa Cricket Kenya, hii mnayoiongoza. Tikolo wakati huo alikuwa na miaka 32, 33, 34. Ndiyo miaka ambayo mpigaji huwa amekomaa, anaujua mwili wake, anamsoma mrushaji kabla mpira haujatoka mkononi. Miaka hiyo tulimpotezea. Mashabiki wa nchi kubwa hawawezi kuelewa hasira yetu kwa sababu nyota wao hawajawahi kukaa nyumbani wakiwa kwenye kilele, wakingoja viongozi wapatane.

Sachin Tendulkar wa India na Steve Tikolo walikuwa uwanja mmoja siku ile ya Cuttack mwaka 1996, na wote wawili walikuwa bado wanacheza Kombe la Dunia la 2011. Mmoja alimaliza na mechi 463 za ODI. Mwingine alimaliza na zaidi kidogo ya 130, mikimbio zaidi ya 3,400, wiketi zaidi ya 90, na hakucheza Test hata moja. Silinganishi vipaji vyao. Nasema kwamba Tikolo alipata, kwa wastani, mechi tisa kwa mwaka, na nyingi kati ya hizo aliingia akijua kwamba akitolewa yeye mapema, siku imekwisha. Alibeba mzigo huo kwa miaka 15 na sikumbuki hata siku moja alipoutupa chini.

Na jamani, msiseme kwamba nchi ndogo haziwezi. Mwezi wa Mei 2008 Afghanistan ilikuwa ikicheza daraja la tano la kriketi ya dunia, kwenye kisiwa cha Jersey, wakati Kenya ilikuwa na hadhi ya ODI na Kombe nne za Dunia mgongoni. Mwaka 2017 Afghanistan na Ireland wakapewa hadhi ya Test. Mwaka 2024 Afghanistan ikacheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la T20. Katika mashindano hayo hayo Uganda, jirani yetu ambaye Tikolo aliwahi kuwa kocha wake mkuu, iliifunga Papua New Guinea, na Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, akarusha ova zake nne kwa mikimbio minne tu. Rwanda ilifungua uwanja wa Gahanga mwaka 2017, na Januari 2023 wasichana wake wa chini ya miaka 19 wakawafunga Zimbabwe na West Indies kwenye Kombe la Dunia. Tanzania ilifuzu Kombe la Dunia la vijana la 2026. Majirani wote wanapanda ngazi ambayo sisi tuliipanda kwanza. Nawapongeza kwa moyo mweupe, na nauliza sisi tuko wapi. Oktoba 2025 mjini Harare tulifika nusu fainali ya kufuzu Kombe la Dunia la T20, Zimbabwe wakatuzuia. Vijana walipigana. Wanastahili zaidi ya kupigana.

Basi ninachoomba.

Kwanza kabisa, viwanja. Piteni Jumapili alasiri kando ya kiwanja chochote cha klabu hapa Nairobi ambako mechi inachezwa. Nje ya ua mtawaona watoto wamesimama, vidole vimeshika waya, wanatazama. Mechi ikifika mapumziko, huko nje inaanza nyingine: ubao uliochongwa mpini kwa kisu, jiwe au kreti ya soda kuwa wiketi, mpira wa tenisi uliokwisha manyoya. Kuna mtoto kati ya hao anayejua kuuacha mpira upite. Mtoto wa miaka tisa ambaye hakufundishwa na yeyote, anainua ubao wake na kuuacha mpira mbaya uende zake, akingoja ule atakaoupiga. Mwalimu wa kriketi akiona hivyo moyo humdunda, kwa sababu subira ya aina hiyo ni ngumu sana kumfundisha mtu. Kisha wanaume wanarudi kiwanjani, lango linafungwa, na mtoto anarudi kwenye waya.

Kamati za klabu, ombi hili ni lenu. Hamkatazwi kumiliki mnachomiliki, na mnaidai nchi hii shukrani, kwani bila ninyi Kenya isingekuwa na kriketi. Lakini kiwanja kinacholala tupu Jumatatu hadi Ijumaa kinaweza kuwapokea watoto wa shule mbili za msingi zilizo jirani, kwa saa mbili mchana. Gharama yake ni mipira, magongo mepesi, na mtu wa kuwasimamia. Wizara ina mfuko wa michezo, kaunti zina bajeti za michezo. Kaeni meza moja mwandikiane makubaliano. Msingoje mfadhili kutoka nje.

Na mtu wa kuwasimamia tunaye. Wapo wengi waliowahi kuvaa jezi ya taifa ambao leo hakuna ofisi inayowatafuta. Collins Obuya aliyewachachafya Sri Lanka 2003, aliyefika 98 bila kutolewa dhidi ya Australia mwaka 2011, aliichezea nchi hadi 2024. Miaka zaidi ya ishirini ya maarifa imo kichwani mwa mtu mmoja! Odoyo yuko. Karim yuko. Tikolo mwenyewe yuko. Watu hawa huitwa timu ya taifa inapozama, wanapewa kazi ya ukocha kwa msimu, matokeo yakiwa mabaya wanaondolewa. Hiyo siyo kazi inayowafaa. Wapeni vijana wa miaka 13 na 14, wapeni miaka mitano bila kuwagusa, walipeni kila mwezi kama mnavyomlipa karani wa ofisi.

Pili ni mechi. Mchezaji hutengenezwa na mechi, si na kambi ya wiki tatu kabla ya safari. Mnakumbuka ligi ya Afrika Mashariki iliyoanza 2011, klabu teule za Kenya na za Uganda zikikutana? Lilikuwa wazo zuri, likafa baada ya misimu michache. Lifufueni, na safari hii Tanzania na Rwanda ziingie. Nairobi hadi Kampala ni basi la usiku mmoja, Arusha ni karibu zaidi. Na ndani ya nchi tunahitaji mechi ndefu, za siku mbili au tatu, ambapo kijana anajifunza kukaa kwenye wiketi kutwa nzima. Mikimbio 147 ya Kuala Lumpur haikutoka kwa mtu aliyezoea kucheza dakika ishirini.

Kuhusu pesa nitasema machache kwa kuwa mnajua. Mikataba ya wachezaji wa kiume na wa kike itiwe saini kabla ya msimu, kiasi kitangazwe, kilipwe kwa tarehe. Hesabu za chama zilizokaguliwa zichapishwe kila mwaka mahali ambapo shabiki anaweza kuzisoma. Mchezaji asiyejua kodi ya nyumba itatoka wapi hawezi kufikiria mpira unaomjia kwa kasi, na tunajua ni watu wa aina gani humtembelea mchezaji mwenye njaa.

Na mkienda kwenye vikao vya ICC, semeni kwa sauti. Katika mgawo wa mapato wa 2024 hadi 2027, India peke yake inachukua zaidi ya asilimia 38, huku nchi zote zisizo na hadhi ya Test, zaidi ya 90, zikigawana kama asilimia 11. Namibia, Nepal, Uganda na nyingine zitasimama nanyi mkiongoza. Ila sauti hiyo itasikika tu ikiwa nyumbani kwetu hesabu ziko wazi.

Mwaka 2027 Kombe la Dunia la siku moja linarudi Afrika. Wenyeji ni Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Mwaka 2003 wenyeji walikuwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya, na Namibia ile ilipoteza mechi zake zote. Kiti chetu kimekaliwa na mwenzetu aliyefanya kazi, na amekipata kwa haki.

Ninachotarajia kutoka kwenu si hotuba. Kabla ya msimu ujao kuanza, tangazeni mambo matatu hadharani: majina ya viwanja vitakavyofunguliwa kwa watoto na saa zake, ratiba ya ligi ya vijana pamoja na tarehe, na orodha ya wachezaji wa zamani walioajiriwa kuwafundisha. Karatasi moja yatosha. Mkiitoa, mimi na mashabiki wenzangu tutakuja kubeba vifaa, kuchora mistari na kuandika alama bila malipo.

Wenu,
Shabiki wa kriketi, Nairobi